Nilivyomweka Dada Upande wa Kulia

Dada yangu ni fundi wa mashuka katika hospitali kuu ya mji wetu. Kabla sijasema nilichomfanyia, nataka mumjue kama alivyo, kwa sababu mimi nilimtangaza kwa namna nyingine, na waliomjua kupitia kwangu walimjua vibaya. Nilimtangaza mbele ya wanafunzi arobaini na wawili, na mmoja wao ni binti yake wa kumzaa. Mpaka leo nikikumbuka, masikio yananiwaka moto.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya jengo la dobi. Kina dirisha moja refu, meza ya kukatia iliyochubuka rangi, vyerehani vitatu, na rafu zinazopanda hadi darini. Kila asubuhi mashuka yaliyochanika huletwa kwa toroli. Dada huyainua moja moja, huyatandaza mbele ya dirisha, na mwanga humwonyesha tundu ambalo mimi na wewe tusingeliona hata tukilipwa. Shuka lililochakaa katikati hulipasua kwa urefu, hugeuza pembeni kukawa katikati, hulishona upya, nalo huishi miaka mingine miwili chini ya wagonjwa. Likishindikana kabisa huwa foronya, na foronya ikichoka huwa kitambaa cha kufutia. Miwani yake ameifunga uzi mweusi unaoshuka kwenye mashavu yote mawili na kupita nyuma ya shingo, na futi ya kupimia haimtoki mabegani hata akienda kula. Amefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita.

Neno lake ni "Subiri kwanza." Ukimletea jambo lolote jipya, atakwambia subiri kwanza. Pale kazini wamembatiza Mama Subiri, na yeye huitika bila kinyongo. Msimamizi wa dobi alipoleta sabuni mpya ya unga, iliyosifiwa kwamba inang'arisha shuka kwa kuloweka dakika kumi tu, kila mtu alishangilia isipokuwa yeye. Alisema subiri kwanza. Akachukua shuka moja jipya, akalifua kwa sabuni ile kila siku mwezi mzima, huku wenzake wakimcheka na kumwuliza kama anaandaa shuka la harusi. Mwezi ulipokwisha alimwita msimamizi, akalishika shuka kwa vidole viwili na kulivuta kidogo tu. Likapasuka kama karatasi ya kufungia. Sabuni ikarudishwa ilikotoka.

Kisa hicho kina nusu mbili, kama mlivyosikia. Darasani nilisimulia nusu ya kwanza.

Yako na mengine ambayo sikuyasimulia kabisa. Hospitali ilipotafuta fundi wa kumsaidia, alikuja mwanamume wa makamo ambaye kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Wanawake wa dobi walinong'ona sana. Mwanamume gani huyu wa kuketi kutia viraka gauni za wodi ya wazazi? Dada alimpa shuka lililochanika, akamwacha ashone, akaligeuza kutazama upande wa ndani wa mshono, akasema, "Huyu anabaki." Ndiye huyo tunayemwita Fundi Kimya, na wameshona meza moja miaka kumi na mmoja. Tena kuna ile pembe nyuma ya rafu, ambako dada alitundika pazia ili wanawake wa dobi wenye watoto wachanga wapate pa kunyonyeshea. Mkubwa wao alikataza, akasema haijawahi kutokea katika hospitali ile. Dada hakubishana naye, ila pazia lipo hadi leo.

Hayo yote niliyajua vizuri. Niliyaficha kwa sababu yangeniharibia mfano.

Mimi ni mwalimu wa uraia wa shule ya sekondari, na niruhusuni nijisifu kidogo, maana baada ya hapa sitapata nafasi tena: najua kufundisha. Mada inayonisumbua kila mwaka ni ile ya itikadi za kisiasa. Kitabu kinasema mhafidhina ni mtu anayetaka kuhifadhi mila, mamlaka na utaratibu uliozoeleka, na kama mabadiliko hayana budi, basi yaje polepole. Kinasema mliberali ni mtu anayetanguliza uhuru na haki za kila mtu binafsi, na anayeamini kwamba utaratibu uliopitwa na wakati lazima urekebishwe. Ukisoma hivyo darasani saa nane mchana, nusu ya darasa imelala na nusu nyingine inachora kwenye madaftari.

Niliwaeleza asili ya maneno kushoto na kulia. Niliwaambia kwamba zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, katika bunge moja la ng'ambo, waliotaka mfalme abaki na nguvu zake walikaa upande wa kulia wa mwenyekiti, na waliotaka mambo yageuzwe walikaa kushoto, na dunia nzima ikakopa lugha hiyo. Kijana mmoja mtundu akauliza kama walichagua viti kwa fikra au kwa kukimbia jua la dirishani. Walicheka, kisha wakarudi kulala.

Ndipo nikaja na kamba. Nilifunga kamba ya kuanikia nguo ukutani nyuma ya darasa, kutoka kona ya mlango hadi kona ya kabati. Kwenye ncha ya mlangoni nikabandika karatasi kubwa yenye neno KUSHOTO, na kwenye ncha ya pili KULIA. Kila mwanafunzi aliandika kadi ya mtu anayemjua, aeleze misimamo yake, kisha aitundike kwa kibanio pale anapoona panamstahili. Jirani anayetaka kila mtu aabudu apendavyo akaenda kushoto. Babu anayetaka chifu arudishiwe madaraka yake akaenda kulia. Walihangaika hapo katikati, wakabishana, wakahamisha kadi. Lilikuwa somo zuri kwelikweli, na laiti ningeliacha hapo.

Nilitaka wacheke zaidi. Nikawaambia, "Na mimi nina mtu wangu. Anaitwa Mama Subiri."

Nilimwigiza. Nilivuta miwani hadi ncha ya pua, nikabana midomo, nikasema "subiri kwanza" kwa sauti ya dada yangu mwenyewe. Niliwapa kisa cha sabuni, nikakikata pale pa kuchekwa. Nikawaambia hapandi lifti ya hospitali kwa sababu ngazi zilikuwepo kabla yake. Nikawaambia hakai kwenye kiti alichokuwa akikalia marehemu baba yake, wala haruhusu mgeni akikalie. Darasa likavunjika mbavu. Mwaka mzima sikuwahi kuwaona wakiwa macho vile, na kichwa kikanivimba. Kila kipindi wakawa wanadai, "Mwalimu, Mama Subiri kafanya nini tena?" nami kila kipindi nikawa na jipya, mengine nikiyatia chumvi.

Lililowachekesha kuliko yote ndilo lililoandikwa kwenye kadi. Msichana mmoja hodari wa kuchora alimchora dada na futi yake mabegani na miwani yake ya uzi, na chini ya picha nikamsomea maneno ya kuandika, neno kwa neno: "Alipopata nafasi ya kuendelea na masomo, alisema: Subiri kwanza. Mpaka leo anasubiri." Kisa hicho nilikipata kwa baba. Tangu nikiwa mdogo alinieleza kwamba dada alifaulu, akaletewa barua ya kwenda sekondari, akasema subiri kwanza, na hivyo ndivyo shule ilivyomponyoka. Nilikua nikijua kwamba dada hakupenda shule. Tukaitundika kadi kwenye ncha kabisa ya kamba, chini ya neno KULIA.

Mpwa wangu alikuwa akikaa safu ya pili, karibu na dirisha. Siku zote hizo za Mama Subiri alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kidogo. Nilidhani anacheka. Siku moja aliinua mkono, akauliza, "Mwalimu, mtu hawezi kuwa kulia kwa jambo moja na kushoto kwa jambo jingine?"

Nikamjibu, "Anaweza. Lakini mtihani hautakuuliza hivyo."

Sasa kuna jambo la fomu. Mpwa wangu alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni ya sayansi, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Nafasi zilikuwa chache na orodha ya wanaongoja ilikuwa ndefu. Ilitakiwa fomu ijazwe na mzazi na ifike ofisi ya elimu kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa, ambayo pia ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu. Isipofika, nafasi inapewa mwingine. Hakuna kukata rufaa.

Fomu ile ilikaa kwa dada wiki tatu. Nilijua kwa nini. Ilikuwa na ukurasa mtupu wa mzazi kueleza sababu za kutaka mtoto wake aende, na dada aliniambia siku ile ile ilipofika, "Mdogo wangu, njoo tuijaze pamoja. Mwandiko wangu unanitia aibu, na hii karatasi itasomwa na wakubwa."

Nikamwambia, "Jumapili, dada, bila kukosa." Jumapili ya kwanza kulikuwa na mpira. Ya pili nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Ya tatu sina hata cha kusingizia, nililala tu.

Katikati ya hizo wiki mpwa wangu alinifuata ukumbini, uso umemsawijika, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, fomu bado mama hajaijaza. Kila nikimwuliza ananiambia subiri."

Ningeweza kumwambia ukweli, na ukweli ulikuwa mfupi: ananisubiri mimi. Badala yake nikatikisa kichwa kama mzee mwenye hekima na kusema, "Si unamjua mama yako? Ni mhafidhina. Anaogopa uende mbali. Nitazungumza naye." Nilijikosha kwa neno la kitabuni. Akaondoka akiamini kwamba adui yake yuko nyumbani, na baadaye nilikuja kujua kwamba wiki ile nzima hakuzungumza na mama yake ila kwa ndiyo na hapana.

Ijumaa ikafika. Wazazi walijaa kuanzia saa tano, wakizungushwa madarasani na wanafunzi waliovaa beji za karatasi. Sikuwa nimeiondoa ile kadi. Ningependa kusema nilisahau, lakini nilikumbuka, nikajiambia kwamba dada hatapata ruhusa kazini, na hata akija hatafika nyuma ya darasa, na hata akifika ni mzaha tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Alikuja saa nane kasoro. Alikuwa amevaa gauni lake la kitambaa cha bluu ambalo hulivaa kwa mambo ya maana tu, na begi dogo kwapani. Mimi nilikuwa mbele ya darasa nikimweleza baba wa mwanafunzi mmoja habari za alama. Nilimwona dada akipita kati ya madawati, akifuata kamba ile kwa kidole, akisoma kadi polepole. Mlango wa darasa ulikuwa umefunguliwa hadi mwisho kwa ajili ya wageni, na ubao wake ulikuwa umeifunika kabisa ile karatasi ya KUSHOTO. Kwa hiyo katika ukuta mzima lilionekana neno moja tu.

Alipofika mwisho alisimama. Wazazi wawili kando yake walikuwa wakisoma na kucheka. Mwanafunzi mwenye beji akamwambia kwa furaha, "Huyu ndiye Mama Subiri, mama. Anatuvunja mbavu kila siku!"

Dada akavua miwani, akaivaa tena. Nilikuja kuitazama kadi ile baadaye kwa macho yake, nikaona alichokiona. Yule msichana mchoraji alikuwa ameuchora uzi wa miwani kwa kalamu nzito, mistari miwili ikishuka kutoka machoni hadi kidevuni. Picha ilikuwa ya mwanamke anayetiririkwa na machozi, na juu ya kichwa chake kulikuwa kumeandikwa KULIA.

Akanijia. Hakupaza sauti. "Mwalimu," akasema, na hajawahi kuniita hivyo, "nina neno na wewe."

Nikampeleka kwenye chumba kidogo cha ramani kilicho kando ya darasa. Kilinuka gundi na vumbi. Hapo ndani alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akauliza, "Nani alikuambia kwamba nililia?"

"Ulilia lini, dada?"

"Usijitie hujui. Umeniandika pale mbele ya watu, umenichorea na machozi. Baba ndiye aliyekuambia? Aliniahidi. Nilimshika mguu nikamwomba, akaniahidi hatakuambia mpaka anaingia kaburini."

Nilikuwa sielewi, na nilikuwa naanza kuelewa. Nikanyamaza. Laiti ningesema neno lolote wakati ule, angeacha. Kwa kuwa nilinyamaza, aliendelea.

"Barua ilikuja Jumatatu," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, subiri kwanza, mdogo wako amalize darasa la saba, halafu tutaona. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Nilihesabu vidole, nikaona nitakuwa mtu mzima. Nikaenda stoo, nikalia nikiwa nimeuma kanga ili wewe usisikie, maana ulikuwa unacheza mlangoni. Baba alinikuta. Nikamwambia sikatai, nitabaki, ila huyu asije akajua kamwe. Akijua atasoma na deni kichwani, na mtoto hasomi hivyo. Baba akasema sawa. Sasa wewe unakuja kunining'iniza ukutani, na maneno ya baba umeyatia kinywani mwangu. Nilikukosea nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na hapa ndipo nilipofanya jambo la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kufanya maishani. Nilimfundisha. Ulimi wangu ulizoea kazi moja tu, ukaikimbilia. Nikasema, "Dada, kulia ile si kulia machozi. Ni mkono wa kulia. Mrengo wa kulia. Ni wahafidhina, watu wanaopenda mambo ya zamani. Kuna bunge moja..."

Niliendelea hivyo sentensi mbili tatu, na kila sentensi nilimwona akishuka. Mkono ukamwenda mdomoni. Siri aliyoibeba miaka thelathini na miwili, aliyoifunga kwa kuishinda nafsi yake akiwa mtoto, alikuwa ameitoa mwenyewe kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi yangu.

"Kumbe ulikuwa hujui," akasema.

"Sikujua, dada. Baba aliniambia wewe ndiye uliyekataa."

"Basi nisamehe. Nimekutwika kitu ambacho hakikuwa chako."

Aliniomba msamaha, yeye, mimi niliyemwigiza kwa kubana midomo! Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mwenye cheti kilichowekewa fremu sebuleni kwangu, na kila herufi ya cheti kile sasa ilikuwa imeandikwa ndani ya stoo ile. Nimewafundisha watu kwa miaka kumi na sita kwamba mhafidhina hushikilia ya kale kwa sababu anaogopa mapya. Sikuwahi kuwaambia kwamba wengine wanashikilia ili kitu kisipasuke mikononi mwa wanaowapenda, kwa kuwa sikuwahi kulifikiria hilo mwenyewe.

Yeye ndiye aliyezinduka kwanza. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na nusu."

Akafungua begi, akatoa fomu iliyokunjwa ndani ya kipande cha shuka safi. "Nilikungoja, ukawa na shughuli. Jana nikaiandika mwenyewe. Nilijaribu mara nne kwenye karatasi za dobi kwanza. Wewe nikagulie makosa tu, nikimbie nayo ofisini."

Nilisoma. Aliandika kwa herufi kubwa kubwa, zilizonyooka kama mshono: "Mimi ni mama yake. Ninaomba aende sasa, asiambiwe ngoja. Akili anayo. Kazi za nyumbani nitafanya mimi, na kaka yake mdogo atajifunza kuzifanya. Ninajua ni mbali. Hata mimi ninaogopa, lakini hiyo si sababu ya kumzuia." Kulikuwa na makosa mawili ya tahajia. Nilitaka kumwambia hakuna kosa hata moja, nikakumbuka kwamba alikuwa ameniomba kitu kimoja tu na nilishamnyima mara tatu. Nikamwonyesha. Akayasahihisha kwa mkono thabiti, akatia saini pembeni kama fomu ilivyoagiza.

Chini ya ukurasa palikuwa na sehemu ya mlezi wa pili, mtu ambaye shule itamwita mzazi asipopatikana, na ambaye mwanafunzi atakuwa chini yake siku za likizo fupi. Dada alikuwa ameandika jina langu. Mbele yake, penye uhusiano, aliandika: mjomba, mwalimu.

"Mama, mtoe huyo."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika wakati gani. Macho yake yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa kavu kabisa, na kwa hilo nilijua amesikia kutoka mwanzo.

"Adabu yako," dada akamwambia.

"Aliniambia wewe ndiye hutaki niende. Aliniambia wewe ni mhafidhina. Wiki nzima nimekununia, mama, kumbe unamsubiri yeye. Sitaki awe mlezi wangu."

"Mjomba ni mjomba. Ndugu hachaguliwi wala hakatwi kwenye karatasi. Watu watasoma hapa waulize huyu mtoto hana mjomba?"

"Mlezi anachaguliwa. Fomu imeandika hapo, mwanafunzi aridhie. Na mimi siridhii. Likiwa jina lake, siendi."

Wakatazamana. Nilimjua dada: ukoo kwake hauna mjadala, na angekaa pale hadi saa kumi ipite kuliko kulifuta jina la ndugu yake kwa mkono wake. Nilimjua na mtoto pia, kwa kuwa kichwa kigumu kile kimetoka kwetu. Nafasi ya shule ilikuwa ikiponyoka mbele ya macho yangu kwa mara ya pili katika familia moja, na mara hii sababu sikuweza kumsingizia baba.

Nilichukua kalamu mfukoni, nikakata jina langu kwa mstari mmoja.

"Unafanya nini wewe?" dada akaruka.

"Ana haki, dada. Tia saini hapa pembeni, bila hivyo hawataipokea."

Alikaa na kalamu hewani muda mrefu. Hakunitazama. Mwishowe akatia saini yake ndogo kando ya ule mstari, akimung'unya midomo kama mtu anayemeza dawa chungu, na nikajua kwamba kwake yeye hilo lilikuwa gumu kuliko ukurasa mzima alioandika. Mpwa wangu akaja, akaandika juu ya jina langu lililokatwa jina la Fundi Kimya. Penye uhusiano akafikiri kidogo, akaandika: anafanya kazi na mama.

Dada ilimbidi arudi kazini, toroli la alasiri lilikuwa likimngoja. Kwa hiyo fomu nikaipeleka mimi na binti, kwa miguu, yeye akitangulia hatua tano. Nilitaka kumwomba radhi njiani. Niliyapanga maneno tangu geti la shule hadi kwenye taa za barabarani, na kila nilipoongeza mwendo naye aliongeza.

Ofisi ya elimu ilikuwa imejaa watu. Karani alikuwa mwanamke mwenye haraka, akagonga mihuri bila kuinua kichwa. Alipofika kwetu aligeuza fomu, akasoma ukurasa wa mama mpaka mwisho, jambo ambalo sikumwona akilifanya kwa mwingine. Kisha akakuta ule mkato. Akauchunguza, akasoma jina lililo chini ya mstari, akamtazama mpwa wangu, halafu akanitazama mimi niliyesimama nyuma yake.

"Imekubaliwa," akasema, akagonga muhuri. Akachukua daftari la waliowasilisha. "Umekuja na nani, binti? Huyu ni nani wako?"

Mpwa wangu hakugeuka.

"Ni mwalimu wetu wa uraia," akasema.

Karani akaandika hivyo.